PROGRAMU ZA SIMU: ZIPI ZISTAHILIZO FEDHA ZETU?

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, jambo tutakalo kulizungumza mwezi huu ni dogo kwa umbo, lakini limekwisha ingia majumbani mwetu, nalo lagusa mali zetu, siri zetu na hata sala zetu. Ni jambo la programu za simu, zile ambazo vijana huziita aplikesheni.

Huku kwetu, tangu Musoma mjini mpaka Suguti, Murangi na Bukima, na tangu Bunda mpaka Butiama, simu janja si kitu cha kustaajabiwa tena. Mvuvi wa dagaa huenda nayo ziwani ameifunga vyema isipate maji. Mkulima wa pamba huulizia bei kwayo. Mama hupokea kwayo fedha za mwanawe aliye Mwanza au Dar es Salaam, na kijana wa madrasa husomea Qur'ani humo humo. Simu peke yake ni kama nyumba tupu, na programu ndivyo vyombo vilivyomo ndani yake. Vyombo hivyo vingine hutolewa bure, na vingine huulizwa fedha.

Mtoto amwombapo baba yake shilingi elfu chache alipie programu, jawabu aipatayo mara nyingi ni hii: "Ya nini kulipa? Chukua ile ya bure." Neno hili lina busara ndani yake, kwa kuwa mali ni amana na israfu ni dhambi. Lakini lina khatari ndani yake pia, kwa kuwa si kila kisichoulizwa fedha huwa hakina bei. Basi nia yetu ni kuyapambanua mambo mawili haya: lini kutolipa ni busara, na lini kutolipa ni khasara kubwa kuliko kulipa.

BURE ZIKO NAMNA MBILI

Iko bure ya wakfu. Mtu huchimba kisima kando ya njia, akakiacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kila mpitaji akanywa. Aliyegharimia anajulikana, na anachotaka chajulikana, nacho ni thawabu.

Na iko bure ya taa ya mvuvi. Katika usiku wa giza wavuvi wetu huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kwa maelfu kuufuata mwanga. Dagaa hawakuulizwa hata senti moja kwa mwanga ule. Wanachotoa ni nafsi zao.

Programu za simu nazo ziko hivyo hivyo. Kuitengeneza programu ni kazi ya mafundi wenye kula na kuvaa, na kuiweka hai kila siku kwahitaji mitambo, umeme na matengenezo. Gharama hiyo hapana budi ilipwe na mtu. Ama atalipa mtumiaji, ama watalipa wafadhili kwa njia ya sadaka, ama italipa serikali kutoka katika kodi, ama atalipa mfanya biashara mwenye kutaka kitu kutoka kwako. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye akili si, "Ni shilingi ngapi?" Swali lake ni hili: "Nani amelipa, na kwa sababu gani?"

KHABARI YA MWAKA 2020

Msidhani kwamba twasema haya kwa dhana tupu. Iko programu mashuhuri ya nyakati za sala na kibla iitwayo Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni ya Singapore, nayo imeenea duniani kote. Mnamo mwezi wa Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Marekani liitwalo Motherboard lilitoa khabari kwamba programu hii, ambayo wakati ule ilikwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikiipelekea kampuni iitwayo X-Mode khabari za mahali walipo watumiaji wake. Kampuni hiyo ya X-Mode nayo ilikuwa ikiziuza khabari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kwa njia yao zikalifikia jeshi la Marekani.

Kwa insafu yafaa tuseme kwamba wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, na mara baada ya khabari kutoka walitangaza kwamba wamekata uhusiano wao na X-Mode. Mwezi uliofuata kampuni za Apple na Google zikawaamuru watengenezaji waitoe kazi ya X-Mode ndani ya programu zao. Na mwezi wa Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi iliipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo wakati ule ilikwisha kuitwa Outlogic, kuuza khabari za watu wanaokwenda mahali pa siri zao, kama vile hospitali na nyumba za ibada.

Tazameni basi, ndugu zangu. Mtu aliamka alfajiri, akafungua simu apate kujua wakati wa sala, na njia aipitayo kwenda msikitini ikawa bidhaa sokoni. Hakuulizwa fedha, na wengi hawakujua kilichokuwa kikichukuliwa. Dini yetu imekataza upelelezi kwa nembo iliyo wazi katika Sura ya Al-Hujurat. Na kama mtu haruhusiwi kumpeleleza jirani yake, vipi atairuhusu kwa hiari yake programu imchunguze yeye, mkewe na watoto wake usiku na mchana?

PROGRAMU ZA MIKOPO NA ZA MICHEZO

Baya kuliko hilo ni programu za mikopo ya haraka. Kuzipakua ni bure kabisa, na fedha hufika simuni kwa dakika chache. Lakini nyingi katika hizo, kabla ya kukopesha, hutaka ruhusa ya kuyasoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Siku mdaiwa achelewapo kulipa, jumbe za kumfedhehesha humwendea mkwewe, imamu wake na mwajiri wake. Malalamiko yalipozidi, Benki Kuu ya Tanzania mwezi wa Novemba 2024 ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni, ikawatahadharisha wananchi. Tena juu ya aibu hiyo iko riba, ambayo uharamu wake haumfichiki Mwislamu ye yote. Basi hii ndiyo bure iliyo ghali kuliko zote: mtu huingia mikono mitupu, akatoka amepoteza mali, heshima na dini.

Na enyi vijana, tahadharini na michezo ya simu iliyo bure mlangoni lakini ndani yake huuza visanduku vilivyofungwa, mtu asijue alichonunua mpaka amekwisha lipa. Nchi ya Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba visanduku hivyo ni kamari kwa sheria zake, na hali wao si nchi ya Kiislamu. Sisi tuliokatazwa kamari tangu karne 14 zilizopita hatuna udhuru. Ama programu za kubeti, hizo hazina haja ya kuelezwa.

ADABU YA KUBISHA HODI

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya An-Nur kwamba tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kutoa salamu. Simu ya leo ni nyumba: mna picha za watu wa nyumbani, barua, hesabu za fedha na majina ya jamaa. Programu ikiwekwa katika simu hubisha hodi, ikaomba ruhusa: kutumia kamera, kusikia kwa kipaza sauti, kusoma majina, kujua mahali ulipo. Wengi wetu hubonyeza "Ruhusu" bila kusoma, kama mlinzi anayefungua lango huku amefumba macho.

Kanuni yake ni nyepesi. Ruhusa ilingane na kazi. Programu ya kuhifadhisha Qur'ani ikiomba kipaza sauti, hiyo ina sababu, kwani yataka ikusikie. Taa ya simu ikiomba kuyasoma majina ya jamaa zako, hiyo haina sababu, na jawabu yake ni kuitoa. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume ya kuisimamia. Aliyedhulumiwa siri zake ana mahali pa kupeleka mashtaka yake.

NYAKATI ZA SALA HUKU KWETU

Sasa tuje katika jambo linalowagusa zaidi watu wa pande za Suguti. Waislamu huku si wengi kama walivyo watu wa pwani. Ziko nyumba zilizo mbali na msikiti, ambazo hazisikii adhana, nazo hutegemea simu kujua wakati wa kusali na wa kufuturu. Kwa nyumba hizo programu ya nyakati ni haja ya kweli.

Lakini jihadharini: programu nyingine, ikiwa haikuambiwa mahali, huweka Dar es Salaam kuwa ndiyo Tanzania nzima. Musoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi tano na nusu hivi za ramani, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa hiyo jua lipinduapo Dar es Salaam, huku bado dakika 22 hivi. Adhuhuri yetu huingia baina ya saa 6 na dakika 28 mwanzoni mwa Novemba, na saa 6 na dakika 59 katikati ya Februari. Ama Magharibi, tofauti hubadilika kwa majira: mwezi wa Desemba ni kama dakika 13, na mwezi wa Juni ni kama dakika 31. Basi mwenye kufunga Suguti akifuturu kwa saa ya Dar es Salaam, amekula jua lingali juu ya ziwa, na mwenye kusali Alfajiri kwa saa hiyo amesali kabla ya wakati. Hayo ni makosa yanayobatilisha ibada, nayo yatoka katika kutochagua mji tu.

Dawa yake haina gharama. Fungua mipangilio ya programu, chagua mji wa Musoma kwa mkono wako, kisha uinyime ruhusa ya kujua mahali ulipo. Kwa tendo hilo moja umepata faida mbili: nyakati zimekuwa sahihi, na siri yako imehifadhika. Suguti na Musoma hazitofautiani ila kwa kiasi cha dakika moja, basi ongeza dakika mbili tatu za tahadhari wakati wa kufuturu.

Tena tazama hesabu iliyotumika. Kwa Alfajiri, hesabu ya Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu ni jua kuwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, ya Misri ni nyuzi 19 na nusu, na ya jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini ni nyuzi 15. Huku karibu na Ikweta tofauti baina ya hizo mbili za mwisho ni kama dakika 18. Muulizeni imamu wenu msikiti wafuata ipi. Na kwa Alasiri chagueni madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kwani ya Hanafi huchelewa zaidi. Ama kibla, kutoka Musoma ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kiasi cha nyuzi 14. Dira ya simu hupotoshwa na chuma na sumaku, basi isogezeni mbali na redio, spika na gari kabla ya kuiamini.

ZIPI TUSILIPIE, NA ZIPI TULIPIE

Baada ya hayo twaweza kuweka mizani.

Kwanza, msilipie kilichokwisha wekwa wakfu au kilicholipiwa na kodi zenu. Msahafu wa simu wa Quran.com ni bure, hauna matangazo ya biashara, wategemea michango ya Waislamu, na ndani yake mna tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Hapana haja ya kutoa fedha ili kusoma msahafu wenye matangazo ya mambo yasiyo na haya pembeni mwa aya. Vivyo hivyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria bila malipo. Mvuvi autazame kabla ya kusukuma mtumbwi. Mwenye uwezo naye aichangie ile ya wakfu, kwani kisima kisichotunzwa hufukiwa na mchanga.

Pili, lipieni kile ambacho kulipa kwenu ndiko kunakomfanya fundi awe mtumishi wenu, asiwe mtumishi wa muuza matangazo. Programu ya kuwafunza watoto hesabu au lugha, isiyo na matangazo, isiyoomba ruhusa asizozihitaji, yenye kuuzwa mara moja kwa bei iliyo wazi, hiyo ni kama kununua kitabu kizuri. Mzazi asiione taabu.

Tatu, lipieni kinachowapa kazi mnayoitenda kila siku. Mfano wake ni Tarteel, programu inayomsikiliza msomaji wa Qur'ani na kuzifuata aya asomazo. Kusoma nayo hakuna malipo, lakini kuonyeshwa makosa ya kuhifadhi ni kwa ada. Kwa kijana aliyekwisha hifadhi juzuu kadhaa, naye yu mbali na mwalimu wake siku nyingi za juma, ada hiyo ina maana. Kwa mwenye kuisoma mara moja kwa mwezi, haina maana. Wala mtu asidhani kwamba simu yashika mahali pa mwalimu. Simu yaweza kusema neno limerukwa, lakini kukitazama kinywa cha mwanafunzi, kumwekea ulimi mahali pake katika herufi, na kumfunza adabu mbele ya Kitabu, hiyo ni kazi ya mtu kwa mtu tangu zama za Bwana Mtume (S.A.W.).

Nne, kulipa peke yake si kinga. Ziko zinazochukua fedha na siri pia. Kwa hiyo hata iliyolipiwa ipimwe kwa adabu ile ile ya kubisha hodi.

HAKI YA FUNDI

Wako vijana wasemao: "Sisi hatulipi wala hatukosi, tunarushiana nuskha iliyovunjwa kufuli." Jueni kwamba Majma ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye kulindwa na sheria ya Kiislamu, wala haijuzu kuzidhulumu. Mwenye kuiba programu ni kama mwenye kuiba nyavu: hata akivulia samaki halali, nyavu si zake. Tena nuskha hizo mara nyingi hutiwa ndani yake programu za wizi, na aliyejiona mjanja akaja kukuta fedha zake za simu zimekwisha hamishwa.

NAMNA YA KULIPA

Mkataba wa Kiislamu wataka bei ijulikane na muda ujulikane. Basi tofautisheni ununuzi wa mara moja na ada ya kujirudia. Ada ya shilingi 4,000 kwa mwezi yaonekana kama si kitu, lakini kwa mwaka ni shilingi 48,000, na nyumba yenye ada tatu kama hiyo yatoa shilingi 144,000. Yako majaribio ya bure ya siku saba ambayo siku ya nane hugeuka ada bila kuuliza tena: siku ile ile ya kuanza iandikeni tarehe ya mwisho wake ukutani. Jueni pia kwamba kuifuta programu katika simu hakukatizi ada. Hapana budi kuingia katika orodha ya malipo ya duka na kuikatiza humo. Na aliyejuta, duka la Google Play huwapa wanunuzi nafasi ya kuomba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 kwa ununuzi mwingi. Namba ya siri ya fedha isiwekwe mikononi mwa mtoto, wala simu isiachwe imefunguliwa kwa kununua.

Enyi wazazi, jioni moja ya juma hili kaeni na watoto wenu, mzitazame programu zote zilizomo katika simu za nyumba yenu. Kwa kila moja ulizeni: ina kazi gani, nani ameilipia, na imeruhusiwa kuingia vyumba vipi? Isiyo na jawabu itolewe. Yenye manufaa na haki ilipwe haki yake kwa moyo mweupe, kwani Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura ya Al-Furqan wale ambao watoapo hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hukaa baina ya hayo mawili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie dini zetu, siri zetu na watoto wetu, na atujaalie kuvitumia vyombo vya zama hizi bila ya vyombo hivyo kututumia sisi. Amin.